Eafoni ya Kushoto

Mpwa wangu alipomaliza mtihani wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025, alitaka kitu kimoja tu: simu. Kundi lao ndilo la kwanza nchini kuufanya mtihani huo, na kwa jinsi sisi watu wazima tulivyohangaika kuulizana alama zitahesabiwaje na nani ataitwa shule gani, mimi niliona amestahili hata ng'ombe. Lakini mama yake, dada yangu mkubwa, alikataa katakata.

"Simu ni akimaliza Gredi ya 12," aliniambia. Alikuwa shambani Kebirigo, anachuma chai, na nyuma yake nilisikia wenzake wakicheka. "Na wewe usijifanye anko mzuri, umletee moja kichinichini."

Sikumlaumu. Kila mzazi wa huko kwetu ana kisa chake cha msichana na simu, na visa vyote huishia mahali pamoja. Isitoshe, Januari mtoto angeingia Gredi ya 10, na shule nyingi za bweni hazitaki kuona simu getini.

Basi nikajitia kuwa msuluhishi. Nilimwambia dada: je, nikimnunulia kile chombo kidogo cha kusikilizia muziki? Hakina laini, hakina WhatsApp, hakina mtu wa kumtumia ujumbe saa tano usiku. Ni nyimbo tu. Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hicho sawa." Nikakata simu nikijiona mwenye hekima kama wazee wa baraza.

Nina duka la fotokopi mjini Kisii. Jumamosi hiyo nilifunga mapema, nikavuka barabara na shilingi 3,000 mfukoni, huku mvua ya alasiri ikishuka kama iliyo na ratiba. Duka la kwanza nililoingia nilimuuliza kijana kama ana iPod. Alinitazama, akamtazama mwenzake, kisha akasema kwa heshima zote, "Mzee, hizo ziliisha." Nina miaka 39. Baadaye niliangalia nikaona alisema kweli: Apple walitoa iPod ya kwanza mwaka wa 2001, na Mei 2022 wakatangaza kwamba hawatengenezi tena. Mimi nilikuwa bado naitafuta.

Alichokuwa nacho ni aina tatu, akazipanga juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kiberiti, ina kibanio cha kushikia kwenye nguo, haina skrini. Bei 600. Unaiwekea kadi ya memori na kubonyeza mbele au nyuma; wimbo gani unafuata ni bahati yako. Ya pili ilikuwa bapa, ina kaskrini ka kuonyesha jina la wimbo, redio ya FM ndani, na betri ambayo kijana aliapa inakaa siku nzima. Bei 2,200. Ya tatu hata sikuitazama mara mbili. Ilikuwa karedio ka plastiki nyekundu, spika moja mbele, tochi ubavuni, tundu la flashi na la kadi, na nyuma betri ya BL-5C, ile ile ya Nokia za zamani. Bei 950. Mama mboga wengi sokoni Daraja Mbili wanako, kamelala juu ya gunia la viazi kakiimba.

"Hiyo ya tochi ni ya mashosho," kijana aliniambia, nami nikacheka naye.

Nilichukua ya pili. Eafoni zilizokuja nayo zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea, kwa hivyo nikaongeza 400 nikapata zingine zenye raba laini. Nilijipongeza. Nilikuwa nimefikiria skrini, betri, redio, hata kama waya utadumu. Kisha nikaenda kwa kijana wa kujaza nyimbo kwenye kadi, nikamtajia orodha yangu: Monyoncho, rumba kiasi, kwaya, na Sauti Sol ili nisionekane nimezeeka. Yeye akaongeza za kina Zuchu bila kuniuliza, na ninamshukuru.

Lazima niseme ukweli kuhusu zawadi hii. Kwa sehemu kubwa nilikuwa najinunulia mimi. Mwaka wa 2002, nikiwa kidato cha pili, kulikuwa na mvulana mmoja bwenini aliyeingiza Walkman kwa siri. Alikuwa akiikodisha. Nilimfulia nguo wiki nzima nikapewa usiku mmoja. Nililala chini ya blanketi na eafoni masikioni, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia muziki ukiwa ndani ya kichwa changu badala ya kuwa chumbani. Gitaa moja lilikuwa upande huu, lingine upande ule, na mwimbaji amesimama katikati ya macho yangu. Sikulala. Tangu siku hiyo niliamini kwamba hakuna kitu kizuri unachoweza kumpa kijana kuliko usiku kama ule.

Nikampelekea. Nilipanda Probox, tukajazana kama kawaida, nikashuka Kebirigo, nikatembea hadi nyumbani. Alifungua boksi jikoni, mama yake akitazama. Akavaa eafoni, akabonyeza, akasikiliza kama dakika moja hivi. Akatabasamu. "Asante sana, Anko." Akazivua, akakunja waya vizuri, akarudisha kila kitu ndani ya boksi kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Wiki ya Krismasi nilirudi. Boksi lilikuwa juu ya kabati, mahali pale pale. Yeye alikuwa jikoni anakoroga ugali, sikio lake liko karibu na redio ya zamani ya dada, ile yenye spika moja na eriali iliyofungwa kwa waya, Egesa FM ikipiga. Nilimuuliza dada.

"Hata hakigusi," alisema. "Mimi nilikwambia watoto wa siku hizi."

Niliumia, sitadanganya. Nikawaza zile fikira ambazo watu wazima huwaza: kwamba hawana shukrani, kwamba ukimpa mkono atataka bega, kwamba anagoma kwa sababu ya simu. Jioni tulibeba majani pamoja kuyapeleka kituo cha kununulia. Njia ni nyembamba, na yeye akazunguka nyuma yangu akaja kushoto kwangu, kama anavyofanya siku zote.

"Hujapenda kile kitu nilikuletea?" nikamuuliza.

"Nimekipenda, Anko."

"Mbona hukitumii?"

Alinyamaza hatua kama kumi. "Nyimbo zake zimekatwa."

Nilidhani yule kijana wa kadi amenipa nyimbo mbovu. "Zimekatwa vipi?"

"Si zote. Kuna ule wa Monyoncho. Kwa redio ya jikoni una gitaa mbili, zinajibizana. Moja inauliza, nyingine inajibu. Kwa hicho chako kuna moja tu. Inauliza, inauliza, hakuna mtu anajibu." Kisha akaongeza haraka, kana kwamba amenikosea, "Lakini sauti ya kuimba naisikia."

Nilisimama njiani na gunia mgongoni. Mpwa wangu hasikii kwa sikio la kushoto.

Na mimi nilijua. Sote nyumbani tunajua. Ndiyo sababu hutembea kushoto kwa mtu, ili mtu awe upande wa sikio lake zima. Ndiyo sababu darasani huomba kukaa upande wa kushoto mwa chumba, na akilala kwa sikio la kulia unaweza kumwita hadi uchoke. Tulijua kwa muda mrefu hadi ikawa kama rangi ya ukuta. Nilisimama dukani dakika 40 nikipima betri na skrini, na haikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa naenda kumpa nusu ya kitu.

Afadhali niseme na lile lingine. Mwaka wa 2016 alikuwa na miaka sita. Dada alikuwa Nairobi akitafuta kazi, naye aliachwa nyumbani na mama yetu na mimi. Sikio lilianza kutoa usaha. Nilikuwa nauona kwenye mto asubuhi. Majirani walisema ni la kawaida, watoto hutoa usaha, litakauka. Mmoja akasema tumtilie mafuta ya uvuguvugu, nasi tukamtilia. Wiki zikapita. Kisha siku moja akaamka anatapika, hawezi kusimama, anashika ukuta na kulia kwamba nyumba inazunguka. Tukasema malaria. Tukampa dawa za malaria siku mbili kabla sijambeba kumpeleka hospitali, na daktari alipomtazama sikio aliniuliza usaha umeanza lini. Nilimwambia. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba ugonjwa ulikuwa umepita sikio la kati ukaingia la ndani, na la ndani likishaharibika namna hiyo, halirudi.

Dada hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mtoto pia hajui, au anajua na ananihurumia. Lakini tangu wakati huo, kila nikiona mtoto anatoa usaha sikioni, iwe sokoni au kanisani, namfuata mama yake nikamsihi aende kliniki. Najua wengine huniona kichaa.

Pale njiani nilimuuliza tu, "Umejua lini kwamba zinakatwa?"

"Shuleni. Tukisikiliza na rafiki zangu, kila mtu anachukua eafoni moja. Wakinipa ya upande mmoja nasikia gitaa moja, wakinipa ile nyingine nasikia lile lingine. Mwanzo nilifikiri zimeharibika." Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Kwa simu ya kaka yake rafiki yangu kuna mahali unabonyeza, zote zinakuja pamoja. Anko, ndiyo maana nilitaka simu."

Niliangalia simu yangu palepale, gunia likiwa chini. Ni kweli. Simu nyingi za kisasa zina sehemu hiyo, kwenye mipangilio ya kuwasaidia watu wenye ulemavu: unaiwasha, na sauti ya kushoto na ya kulia zinachanganywa kuwa moja. Haina gharama. Nimemiliki simu za aina hiyo zaidi ya miaka kumi na sijawahi kufika huko. Sisi tulikuwa tumekaa kikao kuhusu wavulana na TikTok, naye alikuwa anatafuta gitaa lake la pili.

"Mbona hukutuambia?"

Aliinua mabega. "Mlikuwa mmesema simu hapana."

Nilirudi Kisii na kile chombo mfukoni. Kina mipangilio mingi, hata rangi ya skrini inabadilishwa, lakini cha kuchanganya sauti hakuna. Nikampelekea fundi mmoja mzee anayetengeneza redio karibu na steji, mtu ambaye meza yake ni mbao mbili na ndoo. Nilimweleza shida. Hakushangaa. Akaishika ile pini ya eafoni akanionyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Ona hizi pete nyeusi. Zinagawanya chuma mara tatu. Ncha ni kushoto. Ya katikati ni kulia. Hili shina la mwisho ni la wote wawili." Akacheka. "Wewe umesoma na huyajui haya?"

Aliniambia redio ya jikoni yenye spika moja haina shida hiyo kwa sababu inamwaga zote mahali pamoja. Hata ile ya tochi, akasema, ya akina mama wa sokoni, ingemfaa mtoto kuliko hii ya bei. Nilikumbuka jinsi nilivyocheka dukani.

Akakata waya, akauchuna, akachomelea rezista mbili ndogo, moja kwa kila upande, kisha akaunganisha. Rezista, alinieleza, ni za kuzuia upande mmoja usisukumane na mwingine. Mtu akiunganisha waya hivi hivi anaweza kukiua chombo. Akafunga na tepu. Shilingi 150. Nikavaa palepale barabarani, matatu zikipiga honi, nikatoa ya kushoto nikabaki na ya kulia. Gitaa la kwanza likauliza. La pili likajibu.

Usiku huo nilibaki dukani. Waya hukatika, hasa mikononi mwa vijana, na sikutaka furaha yake itegemee tepu ya fundi. Nilizipitisha nyimbo zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, nikizigeuza kutoka stirio kuwa mono. Programu ya Audacity ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Nyimbo zilikuwa 212. Kufikia saa sita nilikuwa nimezisikia nyingi kwa sikio moja, kidole kimeziba la kushoto, na nikaanza kuelewa kidogo jinsi dunia yake ilivyo. Si kimya. Ni dunia ambayo kila kitu kinatoka upande mmoja.

Kulikuwa na hofu nyingine. Ana sikio moja, nami ndiye ninayemtia kifaa cha kelele ndani yake. Nilisoma. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kuharibu usikivu kwa sababu ya sauti kubwa. Kwa desibeli 80, mtu mzima anaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki. Kwa watoto wanashauri 75. Ukifika desibeli 90, muda unashuka hadi saa nne kwa wiki. Ukifika 100, ni dakika 20, na hizo ni za wiki nzima, si za siku. Hapo nikakumbuka matatu ninazopanda. Ushauri wao ni kutozidisha asilimia 60 ya sauti ya kifaa, na kutumia eafoni zinazoziba vizuri ili usishindane na kelele za nje. Bila kujua, zile raba laini za 400 ndizo kitu pekee nilichochagua sawasawa.

Nilimpelekea tarehe 31 Desemba. Safari hii sikumpa boksi. Nilimweka dada na mtoto mezani nikawaeleza yote: pini, rezista, mono, asilimia 60. Niliweka alama kwenye chombo kwa wino mwekundu, asipite hapo. Dada alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kwa nini hukuniambia simu ni ya hayo?"

"Hukuniuliza, Mama."

Dada hakubadilisha msimamo kuhusu simu. Akimaliza Gredi ya 12, ni hivyo. Lakini Jumapili iliyofuata kanisani nilimwona akiinuka, akamzunguka binti yake, na kukaa upande wake wa kulia. Miaka tisa alikuwa akikaa upande wowote ulio wazi.

Kama unawaza kumnunulia kijana chombo kama hiki, nitakwambia niliyojifunza. Angalia betri, ndiyo. Angalia kama kadi inaingia na kutoka bila kukwama. Usidharau kile cha spika moja chenye tochi. Lakini kabla hujaingia dukani, kaa naye siku moja utazame anavyosikiliza: anaegemea wapi, anatembea upande gani wako, anafunga macho au anacheza. Mimi nilinunua kwa masikio yangu, tena masikio ya mwaka wa 2002.

Jioni ya mwisho kabla hajaenda shule, tulikaa nje kwenye ngazi. Shule yake hairuhusu vitu kama hivyo, kwa hivyo chombo kingebaki nyumbani hadi likizo ya Aprili, na alikuwa amekwisha kumwonya mama yake asikishike na mikono ya unga. Alikuwa kushoto kwangu. Alivaa ya kulia, kisha akaichukua ile ya kushoto iliyokuwa ikining'inia kifuani mwake akanipa.

"Chukua, Anko."

"Na wewe?"

"Hiyo ya kushoto ni ya watu," alisema. "Mimi sina kazi nayo."

Nimesoma kwamba Walkman ya kwanza kabisa ya Sony, ya mwaka wa 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja. Ile niliyoikodi bwenini ilikuwa na moja, na nilifurahi kwamba nilikuwa peke yangu. Niliiweka ya kushoto sikioni. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi tuinamishe vichwa. Akabonyeza ule wa Monyoncho, chini ya alama nyekundu, na sote wawili tukasikia magitaa yote mawili.